Tahadhari Kabla ya Kaskazi: Bomu Linaua Samaki Ambao Hawajaanguliwa

Kusi linaelekea ukingoni. Karibuni upepo utageuka, bahari itatulia, maji yatapata joto, na aina nyingi za samaki wa miamba ya pwani yetu, kutoka Mtwara hadi Lamu, wataanza kukusanyika kutaga. Nazungumza sasa kwa makusudi, maana chupa ya baruti ikishatupwa maneno hayana kazi tena. Wewe unayefikiria kuingia baharini na baruti msimu huu, wewe unayemtafutia mlipuaji utambi, na wewe unayepokea samaki wake alfajiri bila kumuuliza amewapata vipi, sikieni: wale mtakaowaokota juu ya maji ni sehemu ndogo ya mtakaowaua. Wengine hawatahesabiwa na mtu yeyote, kwa sababu bado wako ndani ya yai.

Kuna hoja inayozunguka kwenye madiko, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Inasemwa hivi: "Sisi hatulipui mwamba. Tunatupa kwenye maji makuu, juu ya kundi la vibua. Tumbawe haliguswi, basi hasara iko wapi?" Hoja hii inawaingia watu, hata wazee wenye busara, kwa kuwa kwa miaka mingi sisi tuliopiga kelele dhidi ya baruti tulionyesha picha za matumbawe yaliyosagika na kusahau kusema lolote juu ya mayai. Anayelipua mbali na mwamba anajiona amepata njia ya halali. Hajapata. Huenda amechagua mahali pabaya zaidi.

Baruti ikilipuka ndani ya maji, kinachoua mbali na chupa si moto wala vipande vya kioo. Ni mgandamizo. Hewa hubonyea, ndiyo maana kishindo cha nchi kavu hupungua nguvu upesi. Maji hayabonyei kirahisi. Yanalipokea pigo na kulipeleka mbele kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Kilo moja ya kilipuzi cha TNT ikilipuliwa chini ya maji, kilichoko umbali wa mita 10 kinabanwa kwa zaidi ya mara 35 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, na pigo hilo hupanda na kushuka katika muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpiga mbizi angelazimika kushuka zaidi ya mita 350 ili mwili wake uonje mzigo wa namna hiyo, na angeshuka polepole. Samaki hapewi hata nafasi ya kupepesa pezi. Chupa ya mbolea iliyochanganywa na mafuta ina nguvu pungufu kuliko TNT, ni kweli, lakini hata ukikata hesabu hiyo nusu, kinachobaki kinatosha kumuua changu.

Hiyo ni nusu tu ya habari, na nusu ya pili ndiyo wavuvi wengi hawajapata kuambiwa. Wimbi la mlipuko likipanda na kufika juu, pale maji yanapokutana na hewa, karibu lote halitoki nje. Linarudi chini, na linaporudi limegeuka tabia: lililokuwa linasukuma sasa linavuta. Wataalamu wa milipuko wanalijua jambo hili tangu zamani. Robert Cole, mwanasayansi wa Marekani, aliliandika kwa kirefu mwaka 1948 katika kitabu kilichokusanya vipimo vya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maji ya karibu na uso hupata mapigo mawili yanayofuatana bila nafasi, la kubanwa na la kuvutwa. Katika pigo la pili mgandamizo huporomoka kiasi kwamba maji yenyewe yanaachana na kujaa viputo. Kitu chochote chenye hewa ndani yake, baada ya kubanwa, hutanuka ghafla kupita uwezo wake. Kifuko cha hewa cha samaki hupasuka hapo. Mishipa midogo ya damu hukatika hapo.

Sasa tujiulize mayai yako wapi. Chewa, changu, pono na vibua hawatagi chini kwenye mchanga. Majike na madume hupanda pamoja, wakaachia mayai na manii ndani ya maji, na mayai yaliyorutubishwa huelea. Yanajikusanya katika tabaka la juu, lile lile ambalo wimbi linapita likisukuma na kurudi likivuta. Anayetupa bomu kwenye maji makuu ili asiguse mwamba amelitupa katikati ya mayai ya mwamba huo.

Yai la chewa halifiki milimita moja. Ukilikinga kwenye chupa ya kioo na kulitazama kwa lenzi dhidi ya mwanga, utaona duara angavu lenye ganda jembamba, chini ya ganda nafasi ndogo ya maji, halafu kiini, na ndani ya kiini tone moja la mafuta linalong'aa. Mafuta hayo yanalisaidia kuelea. Saa chache baada ya kurutubishwa, upande mmoja wa kiini huonekana kofia ndogo ya seli: mbili zimekuwa nne, nne zimekuwa nane, mpaka huwezi tena kuzihesabu. Kisha kofia hiyo huanza kutambaa kukizunguka kiini na kukifunika pande zote. Katika mwendo huo ndipo mwili unapopangwa, kichwa kikae wapi, uti wa mgongo upite wapi, moyo uanzie wapi. Katika joto la bahari yetu kazi hiyo yote hukamilika kwa siku moja hivi, na kinyama cha milimita mbili kinatoka kwenye ganda kikiwa bado kimebeba mfuko wa kiini tumboni, hakina mdomo unaofanya kazi, hakijui hata kukimbia.

Saa za kutambaa kwa seli ndizo za hatari kuliko zote. Hili wanaolielewa vizuri ni wafugaji wa samaki wa nchi za baridi, ambako yai huchukua wiki nyingi na mtu ana muda wa kulifuatilia. Mfugaji wa samoni hagusi mayai yake katika hatua hiyo. Trei ikianguka, ndoo ikigongwa, mayai yanakufa, na mengine hufa bila dalili ya kupasuka kwa nje. Yakishaonyesha macho, yale madoa mawili meusi ndani ya ganda, yanakuwa yamekomaa kiasi cha kustahimili. Hapo mfugaji huyamimina kutoka juu kwa makusudi ili yale yasiyorutubishwa yageuke meupe ayatoe. Yai ni lile lile na pigo ni lile lile. Tofauti ni siku tu. Katika bahari ya joto tofauti hiyo ni ya saa, na mtupa bomu hawezi kujua saa ya yai.

Wafugaji hao wanajua jambo jingine pia. Wakitaka samaki asiyezaa, huchukua mayai yaliyorutubishwa dakika chache zilizopita, wakayatia ndani ya mtungi wa chuma, na kuyabana kwa mgandamizo unaokaribia mara 650 ya ule wa hewa kwa muda wa dakika 5. Nyuzi ndogo zinazogawa kromosomu ndani ya seli hulegea, seti moja iliyopaswa kutolewa hubaki ndani, na samaki anayezaliwa ana seti tatu badala ya mbili. Bomu ni la muda mfupi mno kuleta matokeo hayo hayo, wala sisemi kwamba linaleta. Nautoa mfano huu ili ieleweke kwamba kiinitete si tone la ute tu. Ndani yake kuna mitambo inayofanya kazi kila dakika, na mitambo hiyo inaathiriwa na mgandamizo. Watu wanaoifanyia kazi hupima muda kwa saa na mgandamizo kwa geji. Baharini tunairushia chupa.

Kanada walitoa mwongozo mwaka 1998 kwa yeyote anayelipua karibu na maji yenye samaki, iwe ni kampuni ya barabara au ya madini. Mwongozo huo unataka mlipuko usizidishe mgandamizo wa kilopaskali 100 kwenye kifuko cha hewa cha samaki. Kilopaskali 100 ni sawa na mzigo wa hewa tunayovuta, au wa kushuka mita 10 hivi chini ya maji, ila kwa ghafla. Na pale palipo na mayai yanayosubiri kuanguliwa, mtikisiko usizidi milimita 13 kwa sekunde. Sasa rudi kwenye kilo yetu moja ya TNT. Kwa hesabu ya maji ya wazi, mita 100 kutoka ilipolipukia, mgandamizo wa kilele bado unapita kikomo hicho karibu mara tatu, na mtikisiko wa maji unakipita kile cha mayai zaidi ya mara kumi. Mita 100! Nahodha anayetazama kutoka kwenye dau anaona povu la upana wa hatua chache na kudhani hapo ndipo mlipuko ulipoishia.

Yai likinusurika, hatari haijapita. Siku chache baada ya kuanguliwa, kifaranga hupanda juu, na wa aina nyingi humeza hewa ili kujaza kifuko chake kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo amebeba kipovu ndani ya mwili usio na misuli ya kukilinda. Huko North Carolina, Marekani, watafiti waliwaweka samaki wachanga karibu na milipuko midogo chini ya maji kisha wakawapasua kuwatazama. Walikuta vifuko vimepasuka na damu imevuja katika viungo vya ndani. Wengine nje hawakuwa na jeraha lolote.

Najua nitakachojibiwa. Mayai ni mamilioni, karibu yote huliwa au kupotea hata bila bomu, kwa hiyo mtu aliyeua elfu kumi hajaua kitu. Jibu hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo tuipe haki yake. Bomu moja halimalizi bahari. Jike kubwa la chewa hutaga mayai mengi mno kwa sababu wachache tu watafika. Lakini angalia ni lini na ni wapi mabomu hupigwa. Hayapigwi ovyo. Hupigwa pale samaki walipokusanyika, na sababu mojawapo kubwa ya samaki wa mwamba kukusanyika ni kutaga. Chewa wa aina nyingi husafiri kutoka mbali hadi sehemu ile ile kila mwaka, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, wakati wa bamvua. Tasi nao hufuata mwezi. Mzee wa Msambweni au wa Kilwa anazijua sehemu hizo na siku zake bila kalenda. Bomu moja mahali hapo, usiku huo, linachukua wazazi waliokuja kutaga, mayai yaliyotoka kutagwa, na yale yaliyo bado tumboni. Na kwa kuwa chewa wengi huanza maisha wakiwa majike kisha wakubwa hugeuka madume, ukiwaondoa wakubwa kwa mkupuo umeondoa madume karibu wote wa eneo. Mwaka unaofuata majike yanaweza kuja, yasikute wa kuyarutubisha mayai yao.

Wala wanaotaga chini hawako salama. Mayai ya tasi hunata kwenye majani na mawe, na mtikisiko wa mlipuko hupita ndani ya maji na ndani ya mwamba. Pweza jike hukaa pangoni wiki kadhaa akiyapulizia maji mayai yake aliyoyatundika darini, hali wala hatoki, na hufa yakishaanguliwa. Akiuawa yeye kabla ya siku hiyo, mayai yake hubaki bila wa kuyasafisha wala kuyalinda, hata kama pigo lenyewe halikuyagusa.

Na hasara haibaki kwa aliyelipua. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kutoka upande wa Mtwara kupita Mafia, Unguja, Pemba na Tanga hadi Kenya. Vifaranga wa samaki wa miamba huelea ndani ya mkondo huo kwa wiki kadhaa kabla ya kupata mahali pa kutua. Kwa hiyo mayai yanayouawa Kilwa ni samaki ambao pengine wangevuliwa Kizimkazi, Kigombe au Shimoni na watu ambao hawajawahi kuishika baruti. Mvuvi wa Kwale ana haki ya kukasirika kwa kishindo ambacho hawezi kukisikia.

Mtu ataniuliza kwa nini nipige yowe wakati mabomu yamepungua. Yamepungua kweli, na wanaostahili shukrani wazipate. Mwezi Machi na Aprili mwaka 2015 watafiti walipita na mashua pwani nzima ya Tanzania wakiburuta kinasa sauti ndani ya maji. Katika saa 231 za kusikiliza walithibitisha milipuko 318. Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, jiji lenye polisi, wizara na vyombo vya habari, na kuna mahali ilikaribia milipuko 10 kwa saa moja. Mwaka huo huo kikaundwa kikosi kazi cha kuunganisha vyombo vya dola, operesheni zikafuatana, na kufikia 2018 hali ilikuwa imebadilika sana. Watoto wa baadhi ya vijiji wanakua sasa bila kuizoea sauti ile.

Lakini tulishawahi kufika hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya wavuvi wa kusini wenyewe kusimama kupinga na wanamaji kuingia kazini, mabomu yalikaribia kwisha. Doria zikapungua, watu wakashughulika na mengine, na miaka michache baada ya 2000 yakarudi kwa kishindo kikubwa kuliko awali. Sheria haikuwa imebadilika kuwa laini. Kinyume chake, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza baruti waziwazi. Kilichobadilika ni usikivu wetu. Leo mbolea bado inauzwa, machimbo ya mawe bado yanahitaji vilipuzi, barabara bado zinapasuliwa milimani, na bei ya samaki bado inashawishi. Kila kinachohitajika ili mabomu yarudi kipo. Hakijakosekana kitu ila mtu wa kuthubutu, na mtu huyo akipata msimu mmoja bila kuguswa, jirani yake atamfuata.

Ndiyo maana nawaelekea kwanza wasimamizi wa maghala ya vilipuzi kwenye machimbo na kwenye miradi ya barabara na bandari. Kiwashio kimoja kinachotoka ghalani bila kuandikwa kina njia yake ya kufika ufukweni. Hesabuni kabla ya kazi na baada ya kazi, kila siku, na atakayekuta pungufu asiogope kulisema, maana kulificha ndiko kunakokiwezesha kiwashio kufika baharini.

Kwa mama zangu wachuuzi na wakaanga samaki, na kwa wanunuzi wenye magari ya barafu: nyinyi mna nguvu kuliko doria, na kumtambua samaki wa bomu hakuhitaji mtaalamu. Mshike. Mwili wake ni mlegevu kabla ya wakati, ukimwinua kwa mkia anajikunja pasipo kiungo, kwa kuwa uti umevunjika. Hana alama ya ndoana mdomoni wala ya nyavu kwenye magamba. Jicho lina damu. Mpasue: tumbo limejaa damu iliyoganda, mbavu zimeachana na uti, kifuko cha hewa ni ngozi tupu iliyochanika. Huharibika upesi na barafu haimsaidii sana. Ukimkuta wa namna hiyo mezani pa mtu, usimnunue hata kwa nusu bei, na mwambie muuzaji kwa sauti kwa nini humnunui. Na msimu huu ongezeni jambo moja: tazameni kama ana mayai. Mifuko miwili ya mayai ndani ya jike aliyelipuliwa ni dalili kwamba huenda bomu lilipigwa kwenye mazalia, na afisa uvuvi anahitaji kuambiwa hilo kabla bamvua halijapita.

Kuna tishio la pili ambalo haliletwi na mvuvi, nami nitalisema, ijapo kwa ufupi, kwa kuwa dhidi yake bahari ina sauti chache zaidi za kuitetea. Meli za kutafuta mafuta na gesi huburuta mizinga ya hewa nyuma yake. Hewa iliyobanwa kwa nguvu nyingi huachiwa kila baada ya sekunde kadhaa, mchana na usiku, kwa wiki hata miezi, ili mwangwi wake uonyeshe miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari. Mizinga hiyo haina ukali wa baruti, na wanasayansi hawasemi kwa sauti moja. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo kutoka kusini mwa Tasmania: baada ya mzinga mmoja kupita, planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea, waliokufa waliongezeka mara mbili hadi tatu, athari ikaonekana hadi kilomita 1.2, na wachanga wote wa jamii ya uduvi walioopolewa walikuwa wafu. Utafiti wa Norwei uliofuata kwa viumbe wengine wadogo ulikuta vifo karibu kabisa na mzinga tu, ndani ya mita 10 hivi. Mayai machanga ya kamba kochi wa Australia yalipigwa na mizinga na vifaranga wakatoka wazima. Lakini New Zealand, mwaka 2013, wachanga wa jamii ya chaza waliosikilizishwa mapigo hayo mfululizo walichelewa kukua, na asilimia 46 wakaota miili yenye kasoro, ilhali wenzao waliowekwa kimya hawakuwa na kasoro hata mmoja.

Kwa matokeo hayo, mimi siombi utafutaji upigwe marufuku. Naomba usifanyike kwa mazoea. Viumbe hutofautiana, hatua za kukua hutofautiana, na samaki wetu wa kitropiki si uduvi wa Tasmania. Kwa hiyo kabla ya meli kuingia, kibali kisiruhusu mapigo karibu na miamba na mazalia yanayojulikana katika miezi ya kaskazi. Planktoni wapimwe kabla ya meli na baada ya meli, na matokeo yabandikwe mahali wavuvi wanaweza kuyasoma kwa Kiswahili. Wavuvi wa Wild Coast, Afrika Kusini, walikwenda mahakamani dhidi ya kampuni ya Shell, na Desemba 2021 Mahakama Kuu ya Makhanda ikasimamisha upimaji wa aina hii, hoja kubwa ikiwa kwamba watu wa pwani hawakushirikishwa ipasavyo. Wetu wasilazimike kufika huko ili wasikilizwe.

Wajenzi wa bandari nao wanahusika. Nguzo inayogongwa baharini na mwamba unaopasuliwa kupanua lango la meli vinatoa mapigo ya jamii ile ile. Dawa zake zipo na zinatumika kwingine: kupuliza pazia la viputo vya hewa kuzunguka kazi ili kupunguza wimbi, kugawa mlipuko mkubwa kuwa midogo inayopishana, na kuahirisha kazi siku za bamvua katika msimu wa kutaga. Hayo yaandikwe ndani ya mkataba, yasibaki ahadi za mdomo.

Kamati za fukwe zina la kufanya kabla ya hayo yote. Kaeni na wazee wawatajie sehemu ambako chewa, tasi na changu hukusanyika, na siku za mwezi wanapokusanyika. Msitangaze orodha hiyo sokoni, maana anayetafuta pa kutupa chupa naye ana masikio. Iwe ya kamati na afisa uvuvi. Pangeni zamu za usiku katika bamvua tatu za mwanzo za kaskazi, hata kama ni ngalawa mbili tu zenye taa. Mvuvi aliyekaa juu ya mazalia na mshipi wake ni ulinzi tosha mara nyingi, kwa sababu mtu wa baruti anaogopa kuonekana kuliko anavyoogopa boti ya doria iliyo mbali.

Atakayesikia mlipuko asiishie kusema "wameanza tena." Aandike saa, upande sauti ilikotoka, idadi ya vishindo, na mashua alizoziona zikielekea huko au zikirudi. Aliye ndani ya maji atausikia mbali zaidi kuliko aliye juu, na aliye ndani ya dau ataupata miguuni kupitia mbao, kwa hiyo ushuhuda wa wapiga mbizi wa pweza na majongoo usidharauliwe. Taarifa ifike kwa kamati siku hiyo hiyo, kamati iifikishe kwa afisa uvuvi na polisi wanamaji, na nakala ibaki kijijini. Jina la aliyetoa habari lisiandikwe kwenye daftari linalopita mikono mingi.

Kikao cha kwanza cha kupanga zamu hizo kifanyike wiki hii, kabla ya mwezi kuandama.